Nipeli ikikataa grisi, usiiruke

Mvua zetu za Dodoma ni za msimu mmoja. Zikishaanza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, kila mwenye shamba la alizeti, mtama au mahindi anataka trekta wiki hiyo hiyo. Na matrekta mengi yanayolima kwa kukodiwa kuanzia Kongwa hadi Chemba ni ya zamani: Massey Ferguson 135, 165, 240, 290, na Ford zilizopita mikononi mwa watu wengi. Mimi nina moja la namna hiyo na plau ya sahani tatu. Kwa miaka niliyolimisha nalo, kinachonitia wasiwasi kuliko injini ni pini iliyokauka, bushi (lile bomba fupi linalokaa kati ya pini na chuma chake) iliyolika na krosi, yaani kiungo cha kupindia, ya shafti ya PTO inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine za nyuma, iliyovunjika katikati ya kazi. Ukifuatilia chanzo, mara nyingi unakuta nipeli ya grisi iliziba zamani, dereva anajua, na kila asubuhi anairuka anakwenda kwenye inayofuata.

Nipeli ni kile kichwa kidogo cha chuma unachobania mdomo wa bomba la grisi. Ndani yake kuna gololi na springi. Grisi ikisukumwa, gololi inarudi nyuma na njia inafunguka. Ukiacha kusukuma, springi inairudisha gololi mlangoni ili grisi isitoke na vumbi lisiingie. Grisi yenyewe ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni. Ikikaa muda mrefu kwenye joto bila kuongezwa mpya, mafuta yanajitenga, yanabaki makapi makavu. Changanya makapi hayo na vumbi letu jekundu la Agosti na Septemba, gololi inaganda.

Dereva mmoja aliniamkia asubuhi akaniambia, "Mama, grisi nimeshapiga yote." Nikainama kwenye kingpini ya kushoto, ile pini ya wima inayogeuzia gurudumu la mbele. Grisi mpya ilikuwa imejaa nje, imezunguka nipeli yote, lakini pale juu na chini ya pini, mahali ambapo ilipaswa kuchungulia, palikuwa pakavu na vumbi lake la jana. Grisi ilikuwa imetokea pembeni ya mdomo wa bomba, haikuingia hata tone. Hapo ndipo pa kuangalia siku zote. Grisi iliyoonekana kwenye nipeli haithibitishi chochote. Itafute inapotokea upande wa pili, kwenye ukingo wa bushi.

Sasa, nipeli ikikataa, kabla hujaitupa fanya jaribio moja ambalo mafundi wengi wanaliruka. Ifungue, ibane kwenye mdomo wa bomba ikiwa mkononi, usukume. Grisi ikitoka upande wa pili, nipeli ni nzima na kilichoziba ni njia iliyo ndani ya chuma. Isipotoka, nipeli ndiyo mbovu. Mtu asiyefanya hivi anafunga nipeli mpya, inakataa vilevile, anarudi dukani kugombana na muuza spea. Nipeli iliyoziba mimi siisafishi. Wapo wanaoilowesha kwenye dizeli na kuichokonoa gololi kwa msumari, ikafanya kazi, lakini springi iliyokwisha kuchoka haiwezi tena kuzuia vumbi, na bei ya nipeli mpya ni ndogo mno ukiilinganisha na ya pini na bushi zake.

Kuifungua kunataka subira. Kwanza safisha kuzunguka kwa brashi ya waya na kitambaa, maana uchafu wowote uliopo utadondokea ndani ya tundu. Weka dawa ya kulegeza kutu au dizeli, acha ilale usiku kucha. Asubuhi tumia boksi spana inayokaa sawasawa, si praizi, kwa sababu chuma cha nipeli ni laini na pembe zake zinaviringika haraka. Sukuma kidogo kuikaza, kisha ilegeze, kisha tena. Ikikatika kichwa usiende moja kwa moja kwenye drili. Kipande kilichobaki tayari kina tundu katikati: chukua mkia wa tupa ya zamani, ule mwembamba wenye pembe unaoingia kwenye mpini, ugonge taratibu ndani ya tundu mpaka ushike, halafu uzungushe kwa spana. Mara nyingi kinatoka. Kama italazimu kutoboa, paka grisi kwenye ncha ya drili ili vumbi la chuma linate pale badala ya kuingia kwenye bushi.

Nipeli nyingine za mashine za kale hazina thredi kabisa, ziligongwa tu zikaingia. Hizo hutolewa kwa kuzinyanyua na patasi nyembamba.

Nenda dukani na nipeli ya zamani mkononi. Hapa wengi wanaharibu mashine nzuri. Massey Ferguson na Ford za zamani nyingi zina thredi za inchi, wakati madukani zimejaa za milimita, na kwa macho zinafanana. Ya milimita 6 inaingia kwenye tundu la robo inchi bila shida, kwa kuwa robo inchi ni milimita 6.35, inaonekana imekaa, lakini ukiisukumia grisi kwa nguvu inaruka. Zile kubwa zaidi ndizo za hatari. Ya 1/8, ambayo jina lake ni la kipimo cha bomba la maji na thredi yake ina upana wa karibu milimita 10, ikiwa ya Kiingereza ina thredi 28 kwa inchi na ikiwa ya Kimarekani ina 27. Ukiweka moja mahali pa nyingine itaanza kuingia, itakaza mapema, na ukiilazimisha unakata thredi za kwenye ekseli. Kanuni yangu ni hii: nipeli iingie kwa vidole mizunguko miwili mitatu kabla ya kushika spana. Ikikataa vidole, siyo yake. Angalia pia mwelekeo, kwa sababu zipo zilizonyooka, za kukunja nusu na za kukunja kabisa, na kwenye krosi ya shafti nipeli isiyo na mwelekeo sahihi haifikiwi na bomba.

Tukirudi kwenye njia iliyoziba, hii ndiyo kazi yenyewe. Nipeli ikiwa imetoka, chukua njiti ya baiskeli, ipinde ncha kidogo, uchokonoe huku ukiizungusha. Kinachotoka kwanza ni cheusi na kikavu, kinavunjikavunjika kama kashata ya zamani, na baadaye kinakuja chenye unyevu. Jaza dizeli kwenye tundu, iache, chokonoa tena. Halafu funga nipeli mpya, piga jeki ekseli ya mbele mpaka magurudumu yaning'inie, na uweke gogo au stendi chini yake kabla hujaingiza mkono. Uzito wa trekta ukiwa umekalia pini, upande unaobeba mzigo umebanwa na grisi haipiti, hata kama kila kitu ni kipya. Ukishainua, mtu mmoja azungushe usukani kulia na kushoto wakati mwingine anasukuma bomba polepole. Utaona grisi nyeusi inatoka, kisha iliyochanganyika, kisha safi. Usiache kabla ya safi.

Ikikataa baada ya yote hayo, uliza kama bushi ilibadilishwa karibuni. Bushi ina tundu lake, na lisipolingana na tundu la ekseli wakati wa kuipachika, grisi inagonga ukuta. Nimeona trekta lililotoka gereji na bushi mpya ambazo zilikuwa zinalika kavu kwa sababu hiyo. Bushi lazima itolewe ipachikwe upya, hakuna njia ya mkato.

Kuna jambo nataka kila kijana anayeshika bomba la grisi alisikie. Bomba la mkono linaweza kutoa mgandamizo mkubwa sana. Usiweke kidole mbele ya mdomo wake, na usizibe kwa mkono mpira uliopasuka. Grisi ikipenya kwenye ngozi inaacha kitundu kidogo kama cha mwiba, pengine bila maumivu makali mwanzoni, na huku ndani inaendelea kuua nyama. Watu wamekatwa vidole kwa sababu hiyo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na mwambie daktari kwamba ni grisi iliyoingia kwa mgandamizo, asije akakufunga bandeji na kukurudisha nyumbani. Usipashe moto kwa gesi kiungo cha trekta kilichojaa grisi ili kulegeza nipeli, kinaweza kukurukia usoni.

Kwa grisi yenyewe, ya lithiamu namba 2 inatosha kwa karibu viungo vyote vya trekta na plau. Ukichagua aina moja baki nayo, kwa sababu grisi za aina tofauti zikichanganyika zinaweza kuwa maji au kukauka. Wakati wa kulima, kingpini, pini ya ekseli, vyuma vya kunyanyulia plau na krosi za shafti vipate grisi kila baada ya saa 8 hadi 10 za kazi, na nipeli ifutwe kwa kitambaa kabla na baada. Kwenye beringi za sahani za plau sukuma taratibu, ukizidisha unatoa nje sili, ule mpira unaozuia uchafu, na sili ikitoka vumbi linaingia bila kubisha hodi.

Kazi ya kukagua nipeli zote ifanyike Septemba au Oktoba, trekta likiwa halina kazi na mafundi wa Kibaigwa na mjini hawajazidiwa. Zunguka mashine na kopo dogo la rangi ya njano, uchore duara kwenye kila sehemu ya grisi, hata zile za chini ya pedali za breki na krachi ambazo hazionekani mpaka ulale chini. Hesabu duara, andika idadi ndani ya kifuniko cha boksi la spana. Dereva akimaliza kupiga grisi akutajie idadi, na akutajie ipi imekataa. Boksini ziwepo nipeli za akiba za kila saizi ya trekta lako na plau yako, kila saizi kwenye mfuko wake, na njiti ya baiskeli.