Chestinati ni ndugu ya kiazi kitamu: majibu kwa waokaji wa Desemba

Nilipozitaja chestinati kwenye safu hii, maswali yalimiminika. Kwa aliyezikosa: ni mbegu za mti wa Ulaya na Asia, zenye ganda la kahawia linalong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi asubuhi. Ulaya huvunwa kuanzia Septemba hadi Novemba, ndiyo maana huko zimekuwa chakula cha majira ya baridi na Krismasi. Watu huzihesabu pamoja na njugu, lakini ndani yake mmejaa wanga na mafuta ni kidogo sana. Ukilishika hilo, mengi yatakayofuata utayaelewa bila shida.

Dada yangu amerudi kutoka Italia na kilo moja ya chestinati mbichi. Sina oveni, nina jiko la makaa tu. Nifanyeje? (Mama wa Kayole)

Mama, zitie kwenye friji leo leo. Mbichi zina maji mengi, na zikikaa mezani huota kuvu upesi. Siku ya kupika zimwage kwenye beseni la maji: zinazoelea mara nyingi zimekauka au zimeliwa na wadudu, zitupe. Zilizobaki ziache zilowe nusu saa.

Kisha chukua kisu kidogo chenye makali, ukate alama ya msalaba kwenye ganda la kila moja. Tafadhali usiruke hatua hii. Ganda zima hufungia mvuke ndani, mbegu ikapasuka kwa kishindo na kurusha vipande vya moto, na watoto hupenda kuchungulia jikoni. Tumia kikaango kizito, makaa ya wastani, funika, na utikise kila baada ya dakika chache. Baada ya dakika 25 hivi utaona ganda limejikunja pale ulipokata na nyama ya manjano imechomoza. Zifunge ndani ya taulo dakika kumi, halafu menya zingali moto. Chini ya ganda kuna ngozi nyembamba ya kahawia, chungu, inayoingia kwenye mikunjo ya mbegu. Zikipoa hiyo ngozi hung'ang'ania kama gundi. Kwa hiyo toa tano tano, nyingine zibaki kwenye taulo.

Chestinati za kopo ni ghali mno. Naweza kuweka makadamia au korosho kwenye keki? (Msomaji wa Ruaka)

Kwa kupamba juu, sawa. Kwa keki yenyewe, hapana. Makadamia imejaa mafuta. Ukiisaga na kuiweka mahali pa chestinati, keki itatoka nzito na yenye kuvuja mafuta.

Nenda kwa mama mboga ukachukue viazi vitamu. Wala si ujanja wa umaskini: Wajapani wana chakula cha mwaka mpya ambacho chestinati huchanganywa na viazi vitamu vilivyopondwa, kwa kuwa ladha zao zinaelewana. Chagua vile vikavu, vya nyama nyeupe au ya manjano hafifu, vinavyosagika kama unga mdomoni. Usivichemshe, maana vitanywa maji. Vioke na maganda yake hadi vilainike, menya, ponda na uchekeche.

Chukua gramu 250 za huo mponde (wa viazi, wa chestinati, au nusu kwa nusu), siagi gramu 100 iliyoyeyushwa, sukari gramu 100, viini vya mayai 3, vanila na chumvi kidogo. Koroga. Piga ute wa mayai hadi usimame, uuchanganye taratibu kwa mwiko. Oka kwa nyuzi 170 kwa dakika 35 hivi. Haina unga wa ngano, kwa hiyo itashuka kidogo ikipoa, na katikati patabaki laini. Mimi huipenda zaidi siku ya pili, na chai ya rangi.

Keki zangu huinuka vizuri kisha hubonyea katikati. Mapishi nayatoa Uingereza. (Kaka wa South B)

Kaka, pole, najua uchungu wake. Nilipohamia hapa kutoka Mombasa niliharibu keki tatu za Krismasi kwa mapishi yale yale yaliyonifaa pwani.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi, kwa hiyo gesi ya beking pauda hutanuka haraka. Keki hufura kabla unga na mayai havijashikana, kisha huporomoka. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na unyevu huondoka mapema. Punguza beking pauda kwa robo, ongeza maziwa vijiko viwili, punguza sukari kijiko kimoja, na upandishe moto kwa nyuzi 10.

Karibu na kwetu kuna mti wa maua ya waridi unaoitwa "Cape chestnut". Mbegu zake zinaokwa? (Msomaji wa Karura)

Hapana, usizile. Huo ndio murarachi wa Wakikuyu, mti wa jamii ya michungwa na milimau, na undugu wake na chestinati ni wa jina tu. Tunda lake lina vinundu na hupasuka pande tano. Mbegu ni nyeusi na chungu. Mafuta yake hupakwa ngozini.

Mwanangu hawezi kula ngano. Unga wa chestinati utamfaa? (Mama wa Lang'ata)

Chestinati haina gluteni, ile protini ya ngano. Hakikisha tu pakiti inasema haikuchanganywa na ngano. Watu wa Toscana, Italia, huoka keki iitwayo castagnaccio: unga gramu 300, maji mililita 400 hivi, mafuta ya zeituni, zabibu kavu na majani ya rosemari, bila sukari wala beking pauda. Hutandazwa nyembamba na kuokwa hadi uso upasuke nyufa. Ila kama mtoto huwashwa na mpira wa glavu au baluni, au na parachichi na ndizi, muulize daktari kwanza, kwa sababu mzio huo mara nyingi hugusa chestinati pia.