Pampu ya joto inafanya kazi kutwa, mbona asubuhi bwawa limepoa?

Swali: Bwawa langu la kuogelea liko Nanyuki, mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4. Pampu ya joto ni ya kilowati 12. Jioni maji hufika nyuzi 27, asubuhi nakuta 25, na mashine inanguruma karibu kutwa. Chini yake pia kuna maji yanatiririka. Ninunue kubwa zaidi?

Jibu: Hapana. Nunua kifuniko kwanza.

Bwawa lako lina lita 45,000 hivi, na kulipandisha nyuzi 1 kunataka yuniti (kilowati-saa) 52 za joto. Nyuzi 2 zinazopotea usiku ni yuniti 104, kazi ya saa 9 kwa mashine yako. Ndiyo maana haipumziki. Sehemu kubwa ya joto hilo huondoka na mvuke: uso wa bwawa ukishuka milimita 4 tu, lita 128 zimekauka na kubeba yuniti 86 hivi.

Hakikisha kwanza kwamba bwawa halivuji. Weka ndoo yenye maji ya bwawa kwenye ngazi, maji ya ndani na nje yawe usawa mmoja, kisha angalia asubuhi. Yakishuka sawasawa, ni mvuke. Ya nje yakishuka zaidi, tafuta ufa.

Kifuniko kiwe cha plastiki nene yenye viputo, viputo vikitazama maji, na kikatwe kifike ukingoni pande zote. Funika mara tu watu wanapotoka, si wakati wa kulala. Siku ya kumwaga klorini nyingi, liache bwawa wazi, la sivyo kifuniko kitamomonyoka.

Mashine iwashe saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Mashine huvuta joto kutoka hewani: hewa ikiwa na nyuzi 25, yuniti 1 ya umeme huleta kama 5 za joto. Kwenye baridi ya nyuzi 10 hushuka hadi 3 au 4. Feni isielekee ukuta wa karibu, maana itavuta tena hewa ile ile iliyoipoza.

Wengi hufurahi maji yanayotoka kwenye mashine yakiwa moto sana. Hiyo ni dalili mbaya. Kwa mtiririko wa lita 6,000 kwa saa, tofauti ya maji yanayoingia na yanayotoka iwe nyuzi 1.5 hadi 2. Ikifika 4, maji yanapita kidogo mno na kompresa inaumia: safisha filta, halafu kagua valvu tatu za njia ya pembeni, yaani bomba linalopitisha sehemu ya maji bila kuingia kwenye mashine.

Kuhusu maji yaliyo chini ya mashine, zima kupasha joto ila uache pampu ya maji ikizunguka. Yakikauka baada ya saa chache, ulikuwa umande wa hewa iliyopozwa. Yakiendelea, yapime klorini; ikiwemo, kaza viungo vya bomba kwanza. Vikiwa vikavu, kinachovuja ni kibadilisha joto cha ndani, sehemu inayohamishia joto kwenye maji. Kisambaza klorini kiwekwe kwenye bomba baada ya mashine, kamwe si kabla yake.