Mzee aliambiwa ana kansa ya kongosho, kumbe ni kinga yake mwenyewe

Mzee wangu ana miaka 66. Alianza na macho ya njano kama katia binzari, mkojo kama chai ya rangi, mwili unamuwasha usiku mpaka anajikuna na kitana, ila maumivu hamna. Mtaani wakasema ini, tukanyweshwa mizizi wiki mbili nzima (najuta mpaka leo), halafu sitiskani ikaonyesha kongosho limevimba na kubana mrija wa nyongo, daktari wa kwanza akasema hii kansa, jiandaeni na upasuaji.

Daktari wa pili aliitazama ile picha akasema mbona limevimba lote, limenyooka kama soseji? Akaagiza kipimo cha damu cha IgG4 (aina ya kingamwili) na kukata kinyama cha kongosho kikapimwe. Kama na nyie mmeambiwa kansa ya kongosho, kabla ya kisu ulizeni hivyo viwili, na ulizeni vyote viwili, maana IgG4 inaweza kupanda hata kwa mwenye kansa kweli.

Nilivyoelewa ni hivi. Kongosho linatengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, lipasi ya mafuta, amilasi ya wanga, na tripsini ya protini ambayo inatoka ikiwa imelala, inaamshwa ikifika utumbo mdogo. Kwenye uvimbe tuliouzoea, wa pombe au wa mawe ya nyongo, inaamkia humohumo kongosho likaanza kujisaga lenyewe, mtu analia kwa maumivu. Wa mzee ni mwingine, seli za kinga ndo zimevamia, zimejazana mle ndani na kuacha makovu, nyingi zikiwa zile zinazotengeneza IgG4. Ni ugonjwa adimu, hata jina lake, pankreatitisi ya otoimyuni (yaani kongosho kuvimba kwa kushambuliwa na kinga), Wajapani walilipendekeza 1995 tu, na uhusiano na IgG4 ukajulikana 2001, kwa hiyo daktari wa kwanza simlaumu saana.

Dawa ni prednisoloni, inashusha kinga. Mzee alianza na miligramu 40 kwa siku, wiki chache macho yakawa meupe! Sasa hapo ndo pa kuwa makini, mtu akiona kapona anataka kuacha, usithubutu, inapunguzwa kidogokidogo na daktari, ukikata ghafla mwili unaweza kuzimika na ugonjwa wenyewe una tabia ya kurudi. Inapandisha sukari pia, nunueni kipima sukari. Na ombeni kupimwa minyoo ya strongiloidi kabla ya kuanza, huku kwetu wapo, kinga ikishushwa wanasambaa mwili mzima.

Njano ikaisha lakini choo kikawa kinaelea, kina mafuta juu, na mzee anazidi kukonda. Kongosho lenye makovu halitoi vimeng'enya vya kutosha, akapewa kapsuli zake. Wiki tatu hazisaidii kitu, nikamlaumu mwenye duka la dawa bure, mpaka siku nimeingia jikoni nikamkuta mama anazifungua moja moja anamwagia kwenye uji unaofuka moshi, eti mzee zinamkwama. Moto unaviua! Zinamezwa nzima, na maji, katikati ya chakula, siyo saa nzima kabla, na akila hata andazi la saa kumi anameza.

Siku hizi choo kinazama. Samahani kwa kuliongea hilo hapa, ila kwetu siku ya kwanza watu walipigiana simu.