Unaanza kazi sakristia? Lijue kanisa kwa miguu

Ukikabidhiwa funguo za sakristia, chumba cha kuandalia Misa, usikimbilie kabati la mavazi. Toka nje, ingia upya kwa mlango mkuu kama muumini yeyote, utembee polepole mpaka altareni, kwenye meza ya Misa.

Mlangoni kuna chombo cha maji ya baraka. Yabadilishe kabla hayajaota utelezi. Kisima cha ubatizo nacho mara nyingi kimewekwa karibu na mlango, kwa kuwa ubatizo ndio mlango wenyewe. Hesabu pande zake: vingi vya kale vina nane, ishara ya siku ya nane, siku ya Ufufuko. Vituo 14 vya Njia ya Msalaba ukutani vinataka kitambaa cha vumbi tu.

Altareni ndipo wengi tunapokosea. Katika makanisa ya kale huenda ukakuta mbili: moja imeegemea ukuta, nyingine mbele yake, iliyoongezwa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ili padre awaelekee waumini. Kwa Misa, andaa ile ya mbele. Wala usiweke juu yake miwani, betri za maiki au daftari la matangazo, hata kwa dakika moja. Imepakwa krisma, mafuta matakatifu, na nyingi zina masalia ya watakatifu. Padre haibusu bure. Ukipita mbele ya altare, inama. Goti ni la tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi (mkate uliowekwa wakfu katika Misa), na taa inayowaka kando yake ndiyo inayokuambia Ekaristi imo. Siku ya Ijumaa Kuu utakuta tabernakulo tupu, taa imezimwa.

Mimbari ni ya masomo, zaburi, mahubiri na maombi ya waumini. Matangazo yatafutiwe mahali pengine. Utabishiwa sana kuhusu hili. Mimi bado nabishiwa.

Sasa sakristia yenyewe. Utaona masinki mawili, na moja lina kifuniko. Wiki yangu ya kwanza nilisuuza vitambaa vya kufutia kalisi, kikombe cha divai ya Misa, nikayamwaga maji kwenye sinki la kunawia mikono. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakunigombeza. Alifunua lile jingine, sakrario, akasema maji ya suuzo la kwanza huenda humu, maana huenda yana chembe za Ekaristi. Kisha akanitoa nje, nyuma ya ukuta, akanionyesha bomba lake linapozama udongoni, mbali kabisa na shimo la majitaka.