Jibu: Gharama ya chanjo ya surua Uvinza imetoka kubwa mno

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: umekokotoa gharama kwa kila mtoto aliyechanjwa surua-rubella kwenye vijiji vya ziwani Uvinza, ikatoka mara kadhaa ya ile ya Kigoma mjini, na sasa msimamizi wako anauliza kama chanjo hiyo inalipa.

Kabla ya kugusa kitu kingine, angalia mafuta ya boti umembebesha nani. Kwenye hesabu zangu za kliniki za mkoba (wauguzi kuwafuata watoto vijijini) huku Sikonge, safari moja hubeba surua, penta (chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja), polio na mara nyingi matone ya vitamini A. Ukiitwisha surua peke yake safari nzima, lazima ionekane ghali. Gawa kwa dozi zilizotolewa au kwa muda wa muuguzi. Friji nayo vivyo hivyo.

Kisha upotevu wa dozi. Kichupa cha dozi 10 cha surua-rubella kikishachanganywa hutupwa baada ya muda wa saa 6, hata kama wamekuja watoto 3 tu. Hapo bei ya dozi imezidi mara tatu, na usiifiche, ni gharama halisi ya vijiji vidogo. Penta ya maji haina shida hiyo, ikitunzwa vizuri hukaa hadi siku 28 baada ya kufunguliwa.

Halafu, kulinganisha na mjini kutakupoteza (huyo msimamizi ningembishia). Linganisha na kijiji kile kile bila mkoba: wagonjwa, vifo, gharama za kulaza na za kuzima mlipuko. Bei ya chanjo weka zote mbili, yenye ruzuku ya Gavi (shirika la kimataifa linalofadhili chanjo) na kamili.