Sindano ya goti la mama: ekografi ni lazima?

Dada, nimekuelewa: mama ana artrozi ya goti (kiungo kimelika), daktari hapo Bukavu anataka kumchoma kortizoni, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, akiongozwa na ekografi (picha ya mawimbi ya sauti), na bei imepanda. Si lazima. Goti ni kiungo kikubwa. Likijaa maji, daktari mzoefu hulipata kwa vidole tu. Ekografi inafaa zaidi kama mama ni mnene, goti ni kavu, au sindano ya kwanza haikusaidia: daktari anaona ncha ya sindano ikiingia, bila miale kama ya picha ya eksirei (radio). Lakini uliza nani ataishika hiyo mashine, na kama amezoea magoti.

Mimi ningeanza na kupima sukari ya damu. Kwa mwenye kisukari, kortizoni huipandisha siku kadhaa. Mtajie daktari pia dawa za kuzuia damu kuganda, kama mama anazitumia. Goti jekundu, lenye moto, pamoja na homa? Asichomwe, achunguzwe kwanza. Na baada ya sindano, maumivu yakizidi au homa ikija, hospitali siku ile ile!

Nafuu hudumu wiki kadhaa, pengine miezi; isirudiwe kabla ya miezi 3. Ngazi za Kadutu, mtaa wa Bukavu, haziendi popote, kwa hiyo pesa ikibaki, mpeleke kwa mtu wa kine (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) amfundishe kukaza misuli ya paja.