Mpira wa kalibu kwa vipande vya rezini

Uliuliza utumie mpira gani kutengenezea kalibu ya kumiminia rezini, yaani plastiki ya majimaji inayoganda. Kwa kuwa umesema vipande vyako vina kingo zinazorudi ndani, ningechagua silikoni inayoganda kwa kichocheo cha platini, yenye ugumu wa 20 hadi 30 kwa Shore A (kipimo cha ugumu wa mpira; namba ndogo ni mpira laini), kwani hupinda vya kutosha kuachia kipande bila kuchanika, na husinyaa kidogo mno kuliko ile inayoganda kwa kichocheo cha bati. Kasoro yake ni kudeka: ikigusa udongo wa kufinyangia wenye salfa, sehemu iliyogusana hubaki inanata na haigandi kamwe, kwa hiyo jaribu kwanza tone moja mahali pasipoonekana. Mpira wa poliyurethani kwa kawaida ni nafuu, lakini rezini huung’ang’ania usipoupaka dawa ya kuzuia kunata.